Sukari Isiyoonjwa

Wacha niseme mapema tusipotezeane wakati: katika vilima vyote vya Kokap hakuna mwanamke anayenishinda kupika sukari guru ya mnazi. Sijisifu. Haya basi, najisifu, na nina haki. Siku ya gulio wanunuzi huvunja kipande, wakakinusa, wakauliza, "Hii ya Rubiyati, siyo?" Jirani aliyepanga ya kwake pembeni anabaki anajikuna shingo. Mume wangu Paryadi anakwea minazi asubuhi na jioni kugema. Utomvu ukishafika jikoni, hapo mume hana neno tena, kazi ni yangu.

Na kazi yangu iko kwenye ulimi. Mwiko unautoa karaini, unaupuliza, unaulamba. Ulimi ndio unaokuambia kama chokaa ya kuzuia uchachu imezidi, kama utomvu umeanza kuchachuka, kama kuni zipunguzwe. Simbok Saliyem, mama mkwe wangu, ndiye aliyenifundisha, na siku aliyoniachia mwiko alisema mbele ya majirani, "Ulimi wangu umezeeka. Wa huyu ndiyo kwanza unaamka." Nilitembea wiki nzima shingo juu.

Sasa sikiliza. Nilipopata mimba ya pili nikaenda kituo cha afya. Mkunga wetu, Bu Hesti, maana kwetu kila mama ni Bu, akaninywesha maji ya sukari, akanikalisha, akanichoma kidole. Akakitazama kimashine chake, akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Rubiyati, una kisukari cha mimba."

"Mimi?" nikacheka. "Mimi ninayepandisha kuni kilimani na tumbo hili? Hicho kimashine chako kina njaa, kipe chai."

Hakucheka. Akaniuliza mtoto wa kwanza alizaliwa na uzito gani. Hapo nikajiweka sawa kwenye kiti, maana hilo ni swali ninalolipenda. "Kinasih? Kilo nne na nusu! Kitongoji kizima kilikuja kumtazama. Simbok alimzungusha nyumba kwa nyumba."

"Na alitokaje?"

Hilo sikulipenda. Alikwama bega, ndivyo alivyotoka. Mkunga wa wakati ule alivuta huku analia, na Asih wangu, ndivyo tunavyomwita Kinasih, alizaliwa wa bluu, akatetemeka siku nzima kwa sababu sukari ya mwili wake ilishuka ghafla. Lakini nani anakumbuka hayo mtoto akishanenepa mashavu? Sisi tulikumbuka kilo tu.

Bu Hesti akanipeleka chumba cha pili kwa Dokta Galuh, msichana wa mjini mwenye miwani, anayekuja kupima watoto ambao mama zao walikuwa na sukari wakati wa mimba. Anawapima urefu, uzito, mafuta ya mkono, na damu kidogo. Kwa upole wake wote, siku ile nilitaka kumrushia kikombe.

"Sukari ya mama inapita kwenye kondo kwenda kwa mtoto," alisema. "Mtoto anaipokea, anaihifadhi, anakuwa mkubwa. Hilo tunaliona kwa macho. Kuna jingine hatulioni. Vinasaba vyake havibadiliki, ni vilevile alivyorithi kwako na kwa baba yake. Ila juu yake zinabandikwa alama ndogondogo, na alama hizo ndizo zinazosema kinasaba hiki kifanye kazi kwa nguvu, kile kinyamaze. Tumeona kwa watoto wa mama wenye sukari baadhi ya alama zinakaa tofauti. Na wengi wao wananenepa haraka wakiwa wadogo."

"Wengi wao," nikasema. "Kama nani?"

Jicho lake lilikwenda mlangoni, alipokuwa amekaa Asih wangu, miaka saba, sare ya shule imembana mbavuni. Sare mpya, tuliyoinunua muhula uleule.

"Kwa hiyo unaniambia mimi ndiye niliyemharibu mwanangu?"

"Hapa hakuna aliyeharibika, Bu Rubiyati. Alama si hukumu. Nyingine zinaweza kubadilika, na namna mtoto anavyokula na kucheza ina nguvu zake. Bado tunajifunza, sitakudanganya. Ninachokijua ni kwamba huyu wa tumboni bado tunaweza kumwokoa na sukari nyingi. Miezi iliyobaki ni ya kwake."

Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa. Njiani Asih akanishika kidole. "Bu, mimi nina alama?"

"Una alama ya matope kwenye pua," nikamwambia. Akacheka. Mimi nilimshika mkono mpaka nyumbani.

Nyumbani Simbok alipandwa na mori. "Sisi sote tumezaliwa kwenye sukari, tumelishwa sukari, tumekufa?"

Hapo Paryadi, ambaye huongea mara moja kwa mwezi, akasema taratibu, "Bapak alikufa na mguu mmoja, Simbok." Ni baba yake huyo. Kidonda cha kidole kilipanda mpaka wakamkata. Simbok akachukua ungo, akatoka kwenda kupepeta mchele ambao ulikwisha kupepetwa.

Basi nikaanza. Nikisema nimeanza, nimeanza kweli, mimi si mtu wa nusu nusu. Chai ya sukari nikaacha, na anayewajua watu wa kwetu ajue maana yake: huku ukiomba chai isiyo na sukari wanakuuliza nani amekuudhi. Wali nikapunguza nusu. Nikala tempe ya soya, mayai na majani ya mpapai machungu mpaka mbuzi akanionea wivu. Kila baada ya chakula nilipanda hadi kisimani na kushuka. Jirani yetu Bu Tukinah, ambaye mdomo wake hauna mlango, akaniita kutoka barazani, "Rubiyati, unafanya mazoezi ya jeshi?"

"Ndiyo," nikamjibu, "nitaanza kupiga nyumba yako."

Wiki mbili zikapita. Nikarudi kituoni kifua mbele, kama mwanafunzi anayejua kafaulu. Bu Hesti akanichoma kidole. Sukari iko palepale.

Akanitoa pembeni, akashusha sauti kama mama kwa bintiye. "Nduk, niambie ukweli, sitakugombeza. Unakula nini kwa kujificha?"

Yarabi! Mimi kujificha! Damu ilinipanda kichwani. "Sijaweka kitu kitamu kinywani tangu siku ile! Niapie nini unataka? Njoo ukae jikoni kwangu kutwa nzima uone kwa macho yako! Njoo na huyo mwenye miwani!"

"Nitakuja," akasema. "Kama haishuki, tutaanza sindano za insulini, nazo si aibu. Lakini kwanza nitakuja."

Akaja kweli, peke yake, asubuhi, na sandarusi ya matango. Akakaa kwenye kigoda karibu na meko. Simbok akamkaribisha kwa maneno matamu na macho makali. Mimi nikamwonyesha kila kitu: hiki chungu cha wali, hiki changu, hii chai isiyo na sukari. Kisha utomvu ukaanza kutokota na sikuwa na muda naye tena.

Nikachuja, nikaondoa povu, nikakoroga. Nikatoa mwiko, nikapuliza, nikalamba. Nikaongeza kuni. Nikakoroga. Nikalamba.

"Rubiyati," akaita Bu Hesti. "Umefanya nini hapo?"

"Nimefanya nini? Nakoroga."

"Baada ya kukoroga."

"Nimeonja."

"Si ulisema hujaweka kitu kitamu kinywani?"

"Hicho si kula, Bu," nikamwambia, na nilimwonea huruma kwa kutojua jambo dogo hivyo. "Hiyo ni kazi."

Simbok akatikisa kichwa kuniunga mkono. "Ni kazi," akasema. Haki ya Mungu, sote wawili tuliamini hivyo, na ukiuliza jiko lolote la hapa lenye karai utajibiwa vilevile. Mwashi akishika udongo hasemi kala udongo.

Bu Hesti hakubishana. Akaokota kifuu kimoja safi kati ya vile tunavyomiminia sukari, akakiweka mbele yangu. "Leo usilambe. Kila mkono wako unapotaka kupeleka mwiko mdomoni, dondoshea humu kiasi kile kile ambacho ungelamba. Usipunguze, usizidishe."

Nikaona mchezo wa kitoto, lakini mgeni ni mgeni. Nikadondosha. Nikakoroga, mkono ukapanda wenyewe, nikaushusha, nikadondosha. Sikujua kama mkono wangu unapanda mara nyingi hivyo! Ulikuwa unapanda hata nikiwa sifikirii sukari, hata nikiwa naongea na kuku. Karai la kwanza likaisha, la pili likapanda. Bu Hesti alikula tango lake.

Adhuhuri Asih akarudi kutoka shule. Akatupa mkoba, akanibusu mkono, akamsalimu mgeni vizuri kama nilivyomfundisha, halafu akaja moja kwa moja mekoni. Akachukua kijiti chake cha mwanzi kilichokuwa kimechomekwa ukutani, akachovya pembeni mwa karai, akapeleka mdomoni. Kila siku ilikuwa hivyo. Tangu ajue kusimama. Ndivyo ulimi unavyofundishwa, na mimi nilikuwa nikimwangalia kwa fahari nikisema, huyu atanirithi.

Bu Hesti akainuka. Hakumfokea mtoto. Akaokota kifuu cha pili, akakiweka kando ya changu ili Asih naye adondoshee humo. Akanitazama tu.

Jioni tulipobandua, vifuu viwili vilikuwa mezani pamoja na vingine. Changu kilikuwa kimejaa hadi ukingoni na kugandamana, bonge zima la sukari, lile lile ambalo mtu hununua kwa ajili ya familia kupikia juma zima. Cha Asih kilikuwa nusu. Simbok ndiye aliyevigusa, kwanza kimoja, kisha kingine, kwa ncha ya kidole, kisha akavaa ushungi wake vizuri akasema kwa sauti ndogo sana, "Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ulinifundisha kazi, Simbok," nikamwambia. Nililia lakini. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimekula majani machungu wiki mbili bure.

Sasa fikiri wewe. Niache kulamba, sawa, kwa ajili ya mtoto ningeacha hata kupumua. Lakini nani ataonja? Simbok ulimi wake hautofautishi tena chumvi na chokaa. Paryadi akionja kila kitu ni "nzuri". Na sukari ikiharibika tunakula nini? Jina langu je? Mimi bila ulimi ni nani hapa kilimani?

Karai langu la kwanza bila kuonja liliungua. La pili likabaki laini, halikushika kifuu, likamwagika mezani kama uji. Gulioni Pak Wiryo, mnunuzi wetu mkubwa, akalibonyeza kwa dole gumba likaingia. "Rubiyati, hii unataka niiuze au niiogee?" Watu wakacheka. Bu Tukinah alicheka zaidi. Nikarudi nyumbani nimenuna hadi Paryadi akaamua kwenda kugema kabla ya wakati.

Lakini mimi si wa kulala na aibu. Nikaanza kulisikiliza karai. Sukari inapokaribia kuiva sauti yake inabadilika, mapovu makubwa yanakuwa madogo, yanakuwa mazito, yanapasuka kwa uvivu. Harufu ya chokaa ikizidi inakukwaruza puani. Nikaweka bakuli la maji baridi, nikadondosha tone, nikalikamata kwa vidole: likinyooka, bado, likiwa gumu, nikaligonga kwenye ukingo wa karai, likilia "tik", mimina haraka. Mengine Simbok alikuwa anayajua tangu zamani akayapuuza kwa sababu ulimi ni rahisi. Sasa akawa anakaa kando yangu, anafumba macho, ananiambia, "Sikiliza. Bado. Bado. Sasa!" Na kijiti cha Asih tulikichoma motoni. Alilia siku mbili. Siku ya tatu nikampa bakuli la maji alishike yeye, awe ndiye mwenye tone.

Kumweleza kwa nini ilikuwa kazi. Aliniuliza tena kuhusu zile alama, safari hii hakukuwa na matope puani ya kunisaidia. Nikamketisha mbele ya meko. "Utomvu wa mnazi wetu wa mbele ya nyumba, leo na jana, ni mmoja, siyo?" "Mmoja." "Jana sukari ilitoka nyeusi, leo imetoka ya dhahabu. Kwa nini?" Akafikiri. "Jana ulitia kuni nyingi." "Basi. Wewe ulipikwa kwenye moto mkali kidogo, kwa sababu mama yako hakujua. Utomvu wako ni mzuri, tena mzuri kuliko wote. Sasa tunapunguza kuni, mimi na wewe." Akaitikia kwa kichwa, akachomoa ukuni mmoja mekoni papo hapo. Karai liliharibika, na sikumgombeza.

Sukari yangu ikashuka. Bu Hesti aliponichoma kidole akapiga kelele mpaka wagonjwa wa foleni wakasimama. Sindano sikuhitaji.

Mwezi wa saba ukafika, na kwetu mimba ya mwezi wa saba ina sherehe yake. Unaogeshwa maji ya maua, unabadilishwa vitambaa, na mwisho mama mjamzito na mume wake chini ya mwavuli wanauza dawet, kinywaji cha tui la nazi na sukari guru, na wageni wanalipa kwa vigae vya udongo. Ada ni mwenye mimba auze kwa mkono wake. Sukari ilikuwa yangu, nimeipika mimi, sijaionja. Dawet nimeikoroga mimi, sijaionja. Nikasimama na kata mkononi, kitongoji kizima mbele yangu na vigae vyao, na Bu Tukinah wa kwanza kwenye mstari. Mtoto akapiga teke.

Akanywa. Akafumba macho. Akanywa tena. Mimi namtazama koo.

"Haya, sema!" nikamfokea. "Ni tamu au si tamu?"

Akanyoosha bakuli. "Nina kigae kingine," akasema. Simbok akapiga kigelegele, Paryadi akasahau mwavuli ukamwangukia mkunga.

Miezi ilipotimia mtoto alizaliwa, adhuhuri, wa kiume, kilo tatu na kidogo. Alitoka bila kukwama popote, mwekundu, analia kwa ghadhabu kama ananidai. Alipopimwa sukari yake ilikuwa sawa, nikamweka kifuani na akanyonya. Dokta Galuh akachukua damu ya kitovu kwa ajili ya zile alama zake. "Majibu yatachukua muda mrefu," alisema, "na hata yakija, yatatuambia kuhusu watoto wengi, siyo huyu peke yake." Nikamwambia achukue muda wake. Huyu peke yake nilikuwa naye mkononi.

Siku ya wageni Bu Tukinah akainama kwenye kitanda. "Mbona mdogo? Dada yake alikuwa mara moja na nusu ya huyu."

Nikafungua mdomo, lakini Simbok alinitangulia. Simbok yuleyule aliyemzungusha Asih nyumba kwa nyumba kwa ajili ya kilo zake! "Mdogo nani? Tazama rangi hiyo. Tazama anavyonyonya. Huyu mama yake ameacha ulimi wake kwa ajili yake, wewe umewahi kuacha nini? Hata maneno huachi." Bu Tukinah akacheka yeye mwenyewe, kwa sababu ni kweli.

Tulimwita Wening. Wiki kadhaa baadaye nikapimwa tena na sukari ilikuwa imerudi mahali pake, ingawa Bu Hesti amesema nisijisahau, nipimwe kila mwaka. Asih naye alipopimwa Dokta Galuh alimwonyesha mstari wa uzito wake: ulikuwa umeacha kukimbia, sasa unatembea, huku urefu unapanda. Sare ikaacha kumbana. Akaruka njia nzima kurudi nyumbani.

Jioni ile Simbok akaniletea mwiko kwa mikono miwili. "Onja sasa, Nduk. Ulimi wako umefunguliwa." Alikuwa amengoja siku hiyo, nilimwona. Karai lilikuwa linakaribia. Nikautoa mwiko, nikaupuliza, harufu ikaingia hadi kwenye mifupa. Miezi yote hiyo!

"Bado, Bu," akasema Asih. Alikuwa na bakuli lake mapajani, ameligonga tone ukingoni, sikio limeinama. "Ukuni mmoja tu mdogo."

Simbok ananitazama, mwiko uko kwenye midomo yangu. Nikaurudisha karaini, nikaongeza ukuni mmoja mdogo. Aliposema "Sasa!" nikamimina.

Siku ya gulio Asih nilikwenda naye. Pak Wiryo akavunja kipande, akakinusa, akaweka mdomoni, akatazama pembeni kama kawaida yake anapopenda kitu na hataki bei ipande. "Hii ya Rubiyati, siyo?"

"Siyo," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza kuku. "Ya huyu hapa. Kinasih binti Paryadi."

Akamtazama juu chini. "Huyu mtoto? Kaionja yeye?"

"Mwulize mwenyewe."

Asih akanyanyua kidevu, vilevile ninavyonyanyua mimi. "Sikuionja," akasema. "Niliisikiliza."